Baisikeli ya Marehemu Baba na Mteremko wa Maseno

Wako watu wanaodhani kwamba kutengeneza baisikeli kuukuu ni kazi ya kuipaka rangi na kung'arisha usukani tu. Hao ndio wanaonishangaa wakiiona ile Raleigh ya marehemu baba, nyeusi, yenye mikwaruzo tele, wakaniuliza mbona sijaimaliza. Huwajibu kwamba rangi haimsimamishi mtu mteremkoni.

Baba aliipanda baina ya Maseno na Kisumu miaka mingi, akichukua magunia, watoto, na safari moja kitanda kizima. Alipofariki ilikaa ghalani, na mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja mara mbili na mizani yake. Mama alimfukuza. Lakini wala hakutaka itundikwe ukutani kama picha. Aliniambia, "Mwanangu, kama wewe huwezi kuipanda, mpe atakayeipanda." Basi niliposikia habari za mashindano ya baisikeli nzito, kutoka Kisumu kupanda hadi Maseno na kurudi, nikaandikisha jina langu.

Fundi niliyempelekea ni mzee aliyezoea kazi hiyo tangu zamani za boda boda za baisikeli, zile zilizoanza mpakani Busia katika miaka ya 1960, kabla ya pikipiki kuwanyang'anya vijana wa baisikeli abiria wao. Yeye hapigi nyundo ovyo. Pini za krenki zilikuwa zimeshikwa na kutu. Alizinywesha mafuta siku mbili, akaegemeza krenki juu ya kipande cha bomba, ndipo akagonga mara moja tu. Ndani tulikuta gololi 22, kumi na moja kila upande, zimelika kama punje za mahindi zilizoguguna panya. Gololi hupatikana dukani, lakini vikombe vyake ni taabu, kwa maana Raleigh walikata hesi zao 26 kwa inchi, na watengenezaji wengine wa Uingereza 24. Kikombe kigeni ukikilazimisha kitaharibu fremu, na fremu ndiyo baisikeli. Tulitafuta vikombe majuma matatu katika mabanda ya vyuma vya zamani.

Meno ya mbele ni 48, na ya nyuma yalikuwa 18. Yaani pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu huzunguka mara mbili na theluthi mbili. Uwandani kwenda Ahero ni raha tupu. Lakini kutoka Kisian hadi Maseno barabara hupanda karibu mita 400, na kwa chuma kizito kama kile magoti hulia. Nikaazimia kutia meno 22.

Hapo ndipo ulipotokea mgogoro. Breki za baisikeli hizi ni za fimbo, na mpira wake hubana rimu ya chuma kwa ndani. Wakati wa kiangazi hutosha. Mvua ikinyesha, chuma kilicholowa huteleza, na mpandaji husafiri mbali kabla ya kusimama, huku malori ya mafuta yaendayo Uganda yakimfuata nyuma. Fundi alishauri tutie kitovu chenye breki ndani yake, ile ishikayo ukirudisha pedeli nyuma, maana mvua haiifikii. Lakini gurudumu la nyuma la Raleigh ya kale lina spoki 40 (la mbele 32), na kitovu tulichokipata kina matundu 36. Kwa hiyo ilikuwa lazima rimu ya baba itoke.

Ndugu yangu mkubwa alikasirika, akasema tukizidi kubadilisha vyuma haitakuwa baisikeli ya baba tena. Neno lake si la kupuuzwa. Hata hivyo nilimkumbuka Suleiman Kangangi, mpanda baisikeli hodari wa Kenya, aliyefariki mwezi wa Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano huko Vermont, Marekani. Yeye alikuwa na ustadi nisioweza kuufikia, na bado njia ilimshinda. Mimi mwenye watoto watatu nitategemea nini, kumbukumbu? Tukabadilisha gurudumu, na lile la zamani liko kwa ndugu yangu.

Breki hiyo mpya nayo ina tabia yake. Ukiikanyaga mfululizo kilima kizima hupata moto na grisi huyeyuka. Yapasa kuipumzisha na kuitumia ya mbele kwa zamu. Nimejizoeza hivyo Jumapili tano, nikinywa uji alfajiri na kuondoka kabla ya matatu kuamka. Jumapili ya nne mvua ilinikuta juu, nami niliteremka hadi Kisian nikisimama kila nilipotaka kusimama.

Juzi mama aliizunguka baisikeli, akaliminya tairi, akapiga kengele. Kisha akauliza karia iko wapi. Nikamweleza kwamba nimeifungua ili kupunguza uzito siku ya mashindano.

"Baba yako alipanda kilima kile nami nimeketi juu yake," akasema. "Irudishe."

Mashindano ni Jumamosi ijayo. Karia nimekwisha kuifunga.