Port Antonio, Mji wa Bogoya

Wanafunzi wenzangu, nanyi mliokwisha kuondoka shuleni, nadhani wengi wenu mmesikia habari za Jamaika kwa ajili ya muziki wake na wakimbiaji wake. Mimi nilikaa huko miezi mitatu, katika mji mkuu wa Kingston, kwa masomo. Lakini habari ninayotaka kuwapa si ya Kingston. Ni ya mji mdogo uitwao Port Antonio, ulioko kaskazini-mashariki ya kisiwa, katika wilaya ya Portland. Nilikwenda huko kwa sababu moja tu, nayo ni bogoya.

Sisi watu wa Uganda twaijua bogoya, ile ndizi ndefu yenye harufu tamu, iliwayo ikiisha kuiva. Wazungu huiita Gros Michel. Ndizi hiyo hiyo ndiyo iliyoutajirisha mji wa Port Antonio, kisha ikautupa.

Nilipanda basi dogo asubuhi. Njia hupanda milimani ikifuata mto Wag Water, halafu hushuka hata pwani ya kaskazini, ikageuka mashariki kupitia Buff Bay na Hope Bay. Upepo wa bahari hupiga milima ya Blue Mountains, ambayo kilele chake kina urefu wa meta 2,256, na mvua humwagika upande ule. Kwa hiyo Portland yote ni kijani. Nilipoona migomba, minazi na mishelisheli imesongamana namna ile, nusura nimwulize dereva kama tumefika Masaka.

Mji una bandari mbili, na katikati yake kuna rasi. Huko rasini pana boma la zamani lenye mizinga, na mahali hapo sasa pana shule ya sekondari ya Titchfield, iliyoanzishwa mwaka 1786. Nilipita wakati wa mapumziko, nikaona wavulana wamekaa juu ya mzinga wakila mikate. Sijui walimu wetu wangalisema nini!

Sasa nirudi kwenye ndizi. Mwaka 1870 nahodha mmoja Mmarekani, Lorenzo Dow Baker, alinunua mikungu 160 huko Jamaika, akaipeleka Jersey City kwa merikebu ya tanga, akapata faida. Akarudi tena na tena. Mwaka 1885 yeye na wenzake walianzisha kampuni ya Boston Fruit, nayo mwaka 1899 ikaingia katika kampuni kubwa ya United Fruit. Reli ilifika Port Antonio mwaka 1896, ingawa siku hizi hakuna garimoshi. Meli zilikwenda na ndizi, zikarudi na watalii.

Habari za upakiaji nilipewa na mzee mmoja aendeshaye chelezo katika mto Rio Grande, karibu na mji. Vyelezo hivyo vya mianzi zamani vilichukua ndizi kutoka mashambani hata baharini. Leo vinachukua wageni kama mimi. Mzee alisimama mbele na upondo wake, nami nikakaa nyuma kama chifu. Aliniambia kwamba bibi yake alikuwa mpakiaji. Wanawake na wanaume walijitwika mikungu vichwani usiku kucha, wakapita mmoja mmoja mbele ya karani. Mkungu wa machana tisa ulihesabiwa kuwa mkungu mzima. Ukiwa na machana manane, bei ilipungua. "Kijana," alisema, "bibi alijua kuhesabu kabla karani hajafumbua kinywa."

Baba yake mzee huyo alikuwa na shamba la Gros Michel, nalo lilikufa lote. Ugonjwa wa Panama uliingia Jamaika katika miaka ya 1910. Ni kuvu ikaayo udongoni. Huingia kwa mizizi, huziba njia za maji ndani ya mgomba, na majani hugeuka manjano yakaning'inia kama sketi kuukuu. Dawa hakuna, na kuvu hudumu udongoni miaka mingi sana. Tena migomba ya bogoya haioti kwa mbegu. Kila mmoja ni chipukizi la mwingine, kwa hiyo yote ni kama mgomba mmoja, na kiuacho mmoja chaweza kuua yote. Wakulima wa Jamaika walihamia ndizi ya Lacatan, kisha ndizi nyingine za jamii ya Cavendish, lakini utajiri ule haukurudi. Mwaka 2008, baada ya dhoruba iliyoitwa Gustav, kampuni kubwa ya ndizi ya kisiwa iliacha kupeleka ndizi Uingereza.

Nilimweleza mzee kwamba ugonjwa huo uko kwetu pia. Katika shamba la baba yangu uliua bogoya, ukaua na sukali ndizi, lakini matoke yake yalisimama, na jikoni hatukulala njaa. Alinyamaza kidogo, akauliza matoke ni ya namna ngapi. Nikamtajia majina kumi hivi, naye akacheka akisema kwamba wao walipanda jina moja tu. Mimi naona neno hilo lapita vitabu vingi vya kilimo. Maana siku hizi kuna namna mpya ya kuvu hiyo iuayo hata Cavendish. Ilionekana Msumbiji mwaka 2013 na Kolombia mwaka 2019, na kutoka Msumbiji hadi kwetu si mbali.

Tulipofika mwisho wa mto, kwenye ghuba ya St Margaret's, mzee aliniomba jambo. Alitaka nikirudi nyumbani nimpelekee chipukizi moja la bogoya alipande mlangoni pake, kwa kuwa tangu utoto hajasahau harufu yake. Ilinibidi nimkatalie mzee wa makamo ya babu yangu, nayo si kazi nyepesi. Ugonjwa husafiri kwa machipukizi, na hata kwa tope la viatu.

Akatazama viatu vyangu, navyo vilikuwa vimejaa tope la Portland. Akaingia ndani, akatoka na brashi, sabuni na ndoo ya maji.