LUGHA YA NYUMBANI SI KISWAHILI KIBOVU

Kwetu ni Masagati, katika nchi ya mto Kilombero. Bonde letu lina Wandamba, Wapogoro na Wabena, na mtoto akiingia shule hukutana na Kiswahili. Nimepata kuwasikia wanafunzi wakisema kwamba lugha zetu za nyumbani ni Kiswahili kilichoharibika. Maneno hayo huniumiza, tena si ya kweli.

Tazameni mfano huu. Waswahili husema “mtu” na “watu”. Wabena husema “umunu” na “avanu”. Waganda husema “omuntu” na “abantu”, na Wazulu, mbali kule Afrika Kusini, “umuntu” na “abantu”. Hawakuazimana neno hilo sokoni, bali kila mmoja amelirithi. Ndiyo sababu mtaalamu Mjerumani, Wilhelm Bleek, katika kitabu chake cha mwaka 1862, aliuita ukoo huu Bantu.

Lugha iliyozizaa zote ilisemwa yapata miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita, karibu na mpaka wa Nigeria na Kameruni. Wasemaji wake walihama kidogo kidogo, na lugha zao zikaachana. Hawakuacha maandishi, twaijua kwa kulinganisha maneno ya watoto wake tu.

Kiswahili chenyewe kilipata “sita”, “saba” na “tisa” kwa Waarabu, wala hatukiiti Kiarabu kibovu.

Basi wenzangu, likizo ikifika waulizeni wazee majina ya miti, samaki na mitego, myaandike. Lugha moja ikifa, ukoo mzima umepoteza shahidi.