Mfupa Uliunga, Hofu Ikabaki

Msomaji, huenda kwenu yupo mtu aliyenusurika ajali, jeraha likapona, lakini hadi leo haabiri matatu. Binamu yangu alikuwa hivyo. Plasta ilipotolewa mguuni jamaa walimshukuru Mungu, wakadhani yamekwisha. Usiku alishtuka akipiga mayowe, na wajomba wakasema anajidekeza.

Mtu wa aina hiyo hajidekezi. Richard Bryant, mwanasaikolojia wa tiba katika Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, ametumia miaka mingi kuwafuatilia majeruhi tangu siku za kwanza baada ya ajali, apate kujua ni nani atabaki na kiwewe. Hata miongoni mwa waliogongwa kichwa wakazimia, alikuta wenye nacho.

Kiwewe hakiletwi na ajali tu. Mwaka wa 2015 yeye na wenzake walifanya utafiti hapa Nairobi kwa wanawake 421 wenye dhiki moyoni, wengi wao wakiwa wamewahi kutendewa ukatili. Lililonifurahisha ni kwamba walioketi na nusu yao, mara 5 tu, hawakuwa madaktari bali wahudumu wa afya wa mitaani, waliofunzwa kwa siku chache. Kina mama hao walipata nafuu kuliko wenzao waliotumwa zahanati kama kawaida.