Nataka kazi ya tabianchi, bi mkubwa anauza mkaa!

Msinicheke jamani. Wenzangu wanaota kuimba Bongo Fleva au kukaa benki na tai shingoni, mimi naitamani kazi ya sera za mabadiliko ya tabianchi. Washikaji kijiweni wanadhani ni kupanda miti umevaa fulana ya bure, halafu unapiga picha na mgeni rasmi. Wapi! Mti hata mtoto wa chekechea anapanda. Mtu wa sera ndiye anayekaa na makaratasi kupanga nani aache nini, lini, na nani alipe.

Kasheshe inaanzia nyumbani kwetu Manzese, maana bi mkubwa anauza mkaa. Ada yangu mpaka kidato cha nne ilitoka kwenye makopo yale yale.

Sasa sikieni. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliambiwa ziachane na kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Mei mwaka huo huo Rais Samia akazindua mkakati wa nishati safi ya kupikia: ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Siku chache baadaye alikuwa Paris kwenye mkutano wa mambo hayo hayo, zikaahidiwa dola bilioni 2.2 kwa ajili ya Afrika.

Nilimsimulia mama. Akaniangalia kama anaangalia mgambo wa jiji.

"Kwa hiyo mwanangu, hiyo kazi yako ndiyo ya kuja kunifungia biashara?"

Ngoma nzito! Ni kweli tanuri la kienyeji linapoteza sehemu kubwa ya nguvu ya kuni hata kabla gunia halijapakiwa, na misitu ya Pwani na Morogoro ndiyo inayolipia ugali wetu wa Dar. Lakini muulize mama ntilie yeyote kwa nini haachi mkaa. Si kwamba haijui gesi. Mkaa unanunua kopo moja, hela ya leo kwa chakula cha leo. Mtungi unataka hela ya mkupuo. Mtu wa mshahara anasema "nunueni gesi" kana kwamba anasema "kunyweni maji". Mitungi yenye mita, ile ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, imeshaanza kuonekana mjini, na kwangu mimi hiyo ina akili kuliko semina kumi za hotelini.

Ila hata hapo, muuza mkaa anahamia wapi? Hilo ndilo nataka kwenda kulisemea huko kwenye makaratasi. Safari yenyewe ndefu bwana: astashahada, stashahada, ndipo niote digrii ya mazingira pale SUA Morogoro.

Fomu ya chuo nimeshachukua. Ada ya muhula wa kwanza bi mkubwa kasema atatoa yeye, kwenye mkaa huo huo.