Kuyeyusha Sabuni Nyumbani



Wengi wenu mwajua kupika sabuni ya mawese kwa soda kostiki. Sisi pia tulijitia katika ufundi huo, tukakosa vibaya. Sheria ni moja: soda hutiwa katika maji, polepole, maji hayatiwi kamwe juu ya soda. Siku ile tulikuwa na haraka ya kwenda kufundisha wakatekumeni, tukamwaga maji juu ya soda. Ikachemka ghafula, ikaruka, ikamwunguza mama watoto mkononi. Tulimwosha kwa maji mengi muda mrefu, lakini kovu lipo hata leo. Hakutulaumu. Alisema tu: «Baba, soda yako isiingie tena jikoni mwangu.» Tukakaa karibu mwaka mzima bila kutaja sabuni.

Kisha ndugu mmoja akatuonyesha sabuni ya gliserini iliyokwisha kupikwa, iuzwayo mjini kwa vipande vikubwa. Ndani yake soda na mafuta vimekwisha kugeuka sabuni, hakuna tena kitu cha kuunguza. Kazi ya nyumbani ni kuyeyusha na kumimina tu. Lakini msidhani kila sabuni yafaa. Sisi, kwa kubana fedha, tulianza kwa mabaki ya sabuni ya kufulia. Yakawa kama uji mzito, hayakumiminika. Watoto walicheka sana.

Twafanya hivi. Twakata nusu kilo vipande vidogo, twavitia katika sufuria ndogo, nayo twaiweka ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto, juu ya mbabula yenye makala machache. Sabuni isichemke hata kidogo, maana huharibika na kunuka. Twakoroga polepole, povu lisiingie. Ikiyeyuka yote twaiondoa motoni, twatia gramu 10 za manukato ya sabuni, twaimimina katika vikombe vya plastiki, watoto wakiwa mbali, kwa kuwa bado ni moto sana. Jirani alitushauri kutia papai bivu lililopondwa. Baada ya siku kadhaa sabuni ikaota ukungu, tukaitupa yote.

Jambo moja hatukuambiwa: gliserini huvuta unyevu wa hewa. Hapa kando ya Ziwa Tanganyika, wakati wa mvua, sabuni zetu za kwanza zilitoka jasho kama mtu mwenye homa. Sasa, zikipoa tu, twazifunga vizuri katika plastiki.

Kwa kufua nguo, sabuni ya mawese haijashindwa; hii ni ghali, yafaa kunawa na kuwapa wageni.

Mara ya kwanza mama watoto alisimama mlangoni, mbali. Mara ya pili akauliza: «Hakika hakuna soda?» Tukamwekea kipande kilichopoa mkononi, penye kovu lile. Akakigeuza, akakinusa, asiseme neno. Mara ya tatu alishika sufuria yeye mwenyewe. Sisi siku hizi twakata vipande.