Mashine ya Filamuni na Panga la Jirani



Jioni moja baada ya darasa, mwanafunzi wangu alinisimulia filamu aliyoitazama. Chombo cha angani, kikubwa mfano wa mwezi, kilifyatua mwali mmoja tu, na sayari nzima pamoja na watu wake ikapasuka. "Maalim," akaniuliza, "yawezekana silaha kuangamiza watu wote namna ile?" Nikamjibu kwa haraka, kama tujibuvyo sisi wazee tunapotaka kwenda nyumbani: "Mwanangu, huo ni uzushi wa watunga hadithi."

Jibu hilo halikuwa sawa, nami nataka kulisahihisha mbele yako.

Watunga hadithi si watu wa kudharauliwa. Mwaka 1914 Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu, The World Set Free, ambamo ndege zadondosha mabomu aliyoyaita ya atomiki. Wakati huo hapakuwa na bomu la namna hiyo popote duniani. Mwanasayansi Leo Szilard alikisoma mwaka 1932, na mwaka uliofuata, akiwa London, akawaza njia ya kuifanya nguvu ya atomu ijizidishe yenyewe. Tarehe 6 Agosti 1945 mji wa Hiroshima ukateketea. Wala usidhani jambo hilo lilikuwa mbali nasi: sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi ile ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika nchi ya Kongo, kwa watu wanaosema Kiswahili kama mimi na wewe.

Kupasua sayari, hilo ni jingine. Hata Meru huu tuuonao kila asubuhi, ulioporomoka ubavu wa mashariki zamani za kale na kuacha vifusi yalimozaliwa maziwa ya Momella, haukuvunjwa na mkono wa mtu.

Lakini kosa la filamu ile silioni katika ukubwa wa mashine. Kosa ni kwamba muuaji mle hubonyeza kitufe tu, naye hawajui anaowaua.

Sisi wa Arusha tuna sababu ya kujua zaidi. Tarehe 4 Agosti 1993 mkataba wa amani ya Rwanda ulitiwa saini hapa hapa mjini. Aprili 1994 mauaji yakaanza, na kwa muda wa siku 100 hivi wakafa watu wapatao 800,000. Bunduki na magruneti yalikuwapo, naam, lakini wengi mno waliuawa kwa panga na rungu, mkononi mwa jirani aliyewajua kwa majina. Panga lenyewe ni hili hili tunalofyekea migomba.

Mahakama ya Kimataifa ya mauaji hayo ilikaa katika mji wetu hadi mwisho wa 2015. Nilipata kuingia siku moja, nikakaa nyuma ya kioo, visikilizio masikioni. Nilitazamia kuona watu wa kutisha. Niliona watu wazima wenye tai shingoni, wakipanga karatasi zao.

Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama hiyo iliwatia hatiani watu watatu, wawili waasisi wa redio RTLM na mmoja mhariri wa gazeti Kangura. Rufaa ya 2007 ilipunguza adhabu zao, lakini hatia haikufutika yote. Redio ile ilitaja watu na mahali walipo, ikawaita inyenzi, yaani mende. Hebu fikiri: nani huona haya kumponda mende? Jina likikwisha kuzoeleka vinywani, panga halina kazi ngumu tena.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo. Katika darasa langu alikuwapo mtoto mgeni, ambaye wazazi wake walihamia karibuni, tena maskini. Wenzake walimwita Kupe. Nililisikia jina hilo majuma kadhaa, na siku moja, nakiri, nilitabasamu.

Kesho yake nilimwita yule mpenda filamu. Nikamwambia, "Mwanangu, jana nilikujibu vibaya. Yawezekana." Kisha nikamuuliza jina la Kupe, jina alilopewa na baba yake.

Akanyamaza. Hakulijua. Nami, ndugu msomaji, ilinibidi nifungue daftari la mahudhurio.