Niulize Injini, Usiniulize Namba

Wateja wa siku hizi wakifika gereji hawaanzi na injini, wanaanza na namba. "Fundi, nimepata namba D, safi kabisa, njoo uniangalizie." Namba D ni sifa gani? Ni herufi iliyo kwenye kibao, inayokuambia gari lilisajiliwa hapa kwetu lini, basi. Gari linaweza kukaa Japani miaka kumi na zaidi, likashuka bandarini Dar es Salaam na kupewa herufi ya juzi, na mtu akalilipia zaidi kuliko namba B la umri uleule lililotunzwa na mwalimu mstaafu. Nimebishana na watu juu ya hili mpaka nimechoka. Siku hizi naomba ufunguo, nawasha, nasikiliza.

Mapenzi ya magari yalinianza utotoni. Nilikuwa shule ya msingi wakati Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, aliposhinda mbio za magari za Safari Rally mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Peugeot 404. Kwa sisi watoto wa kiume hakukuwa na habari nyingine. Kila gari la waya tulilosukuma lilikuwa 404, na aliyekuwa na gari la waya lenye usukani mrefu ndiye Shankland wa siku hiyo.

Ufundi nilianza mwaka 1974, Dodoma, katika karakana ya magari ya umma. Mzee aliyenipokea hakunikabidhi spana. Alinipa matambara na dumu la mafuta ya taa, nikaosha vyuma vya giyaboksi siku nenda siku rudi. Nilinung'unika kimoyomoyo. Lakini mtu aliyeosha jino la giya moja moja hahitaji kuambiwa lipi limelika.

Pale Land Rover ndiyo iliyokuwa mfalme. Bodi yake ni ya aluminiamu kwa sababu ilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita. Huku kwetu tukafaidi, maana kutu haikula mabawa. Masika moja tulikuwa njia ya Kondoa na shehena ya dawa, pamoja na magunia ambayo hayakuandikwa kwenye hati yoyote. Dereva akaachia klachi kwa hasira kwenye tope. Mlio mmoja wa chuma, kisha injini inanguruma na gari halisogei. Hafushafti ya nyuma imekatika. Mzee akashuka, akafungua bolti sita kwenye kitovu cha gurudumu, akachomoa kipande kilichokatika, akarudisha kifuniko ili mafuta yasimwagike. Nilimuuliza kama gurudumu halitatoka. Akanicheka: kwenye gari lile uzito unabebwa na nyumba ya ekseli, shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Kisha akabonyeza chini kirungu cha manjano, magurudumu ya mbele yakapokea kazi, tukaingia Kondoa gari likijivuta kwa pua. Magunia aliyaacha kwa mwenye duka njiani, na dereva hakusema neno.

Ikaja miaka ya shida. Vita vya Kagera, bei ya mafuta kupanda, fedha za kigeni hakuna. Jumapili baada ya saa nane mchana magari binafsi yalikatazwa barabarani bila kibali. Tangi likitoboka tulilisugua kwa sabuni ya mche, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni. Gasketi tulizikata kwenye maboksi: unalaza karatasi juu ya chuma, unagonga ukingo kwa nyundo ndogo taratibu, chuma chenyewe kinakata umbo lake. Vijana wakisikia hadithi hizi wanadhani nausifia ule wakati. Spea mpya ni spea mpya. Hakuna fundi aliyefurahia kukata maboksi.

Katika magari yote ya enzi hizo, nililolipenda kuliko yote ni Peugeot 504. Ilishinda Safari mwaka 1975 na tena 1978, nami sikushangaa, maana springi zake zilikuwa na nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Ungeweza kupita kwenye makorongo na abiria wa nyuma akaendelea kusinzia. Sijapanda tena gari dogo lenye utu wa namna ile.

Biashara ilipofunguliwa, magari ya mtumba ya Japani yakaingia kwa wingi. Yalitufaa kwa sababu moja rahisi: Wajapani nao wanaendesha kushoto, usukani uko upande wetu. Ni magari mazuri. Tatizo ni sisi tunaoyashika.

Chukua thamostati. Ni kijidude kinachokaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta, ndani yake mna nta. Injini ikiwa baridi kimefunga, maji yanazunguka ndani kwa ndani. Yakifika nyuzi themanini na kitu nta inatanuka, mlango unafunguka. Gari likichemsha, fundi wa chini ya mwembe anaking'oa na kukitupa: "Huku kwetu joto, hakina kazi." Basi, injini inafanya kazi bila kupata joto lake, inakunywa mafuta, na asubuhi za Julai kule Iringa ndiyo usiseme. Ubaya zaidi, kwenye injini nyingine thamostati ikifunguka ndiyo inayoziba ile njia ya mkato ya maji. Ukiing'oa, maji mengine yanageuka na kurudi ndani bila kupita kwenye rejeta. Gari lililochemsha kwa sababu ya feni mbovu sasa linachemsha kila mlima, na kichwa cha injini kinapinda. Vichwa vya aina hiyo nimevipeleka kwa wachongaji mara nyingi mno, na kila mwenye gari huapa kwamba ameuziwa kimeo.

Au giya za otomatiki. Mtu anashuka mlima wa Kitonga na D, mguu juu ya breki kutoka juu mpaka bondeni, akifika chini magurudumu yananuka. Weka 2, weka L, injini ishike gari!

Kompyuta za kupimia siko nazo vitani. Kijana wangu wa gereji anayo, na kwenye mambo ya ABS na mifuko ya hewa namwachia yeye. Juzi ilimwambia mchanganyiko una hewa nyingi, akataka mteja akanunue sensa. Nikamwomba anyunyize maji kidogo kwenye mipira ya hewa huku injini ikiwaka. Kwenye mpira mmoja mlio ukabadilika: umepasuka upande wa chini, usioonekana. Mteja akanunua mpira.

Mimi mwenyewe naendesha Corolla ya 1994, injini 5A, vioo vya pembeni nimevichora namba kama kila mwenye akili Dar es Salaam, ili wezi wasiniuzie vyangu mwenyewe kwenye maduka ya spea ya Gerezani. Kuna dalali hachoki kuniuliza fundi mzima kama mimi nitaendesha namba A mpaka lini. Wiki iliyopita alikuja akisukumwa na vijana wanne, yuko ndani ya namba E.